Mtani Wangu Aliyezoea Kufa

Asubuhi aliyofariki mtani wangu, watu wa mtaa wetu huku Temeke walikuja msibani wanacheka. Siwasemi kwa ubaya. Hata mie ningetoka nacheka, kama binti yake asingenigongea dirisha baada ya adhana ya alfajiri na kuniambia, "Shangazi, amka, baba katutoka." Ilibidi arudie. Maana mtani wangu alikuwa mwigizaji wa filamu, tena wa wale wa zamani hasa, na katika barabara ileile alikuwa ameshakufa sijui mara ngapi, na kila mara aliamka akaomba chai.

Jina lake silitaji. Anayemjua atamjua, na asiyemjua jina halitamsaidia kitu. Alikuwa yule mzee wa sauti nzito na nyusi zilizokutana, aliyecheza baba mkali, mwenye nyumba mkorofi, tajiri anayemfukuza mke na watoto kwenye mvua. Kizazi chetu kilimwona kwanza kwenye gari la sinema. Lilikuwa linakuja kiwanjani, wanafunga shuka jeupe kwenye milingoti ya goli, na sie watoto tunakaa mchangani. Waliowahi wanakaa mbele, waliochelewa wanakaa nyuma ya shuka na kuona kila kitu kimegeuka. Mie nilikuwa wa kuchelewa tangu utotoni. Kwa hiyo siku ya kwanza kumwona, nilimwona anakula wali kwa mkono wa kushoto, nikamchukia palepale kwa kukosa adabu.

Miaka mingi baadaye nilimsimulia. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaani mtani, watu wote walinichukia kwa kumdhulumu yatima, wewe ukanichukia kwa mkono?"

Nilikuja kuwa jirani yake nilipoolewa. Nyumba yetu na yake zinatazamana, katikati kuna barabara ya vumbi ambayo magari mawili yakikutana lazima moja lirudi nyuma. Marehemu mume wangu alinifungulia kibanda cha cherehani barazani, na hapo nimekaa mpaka leo, mguu kwenye pedeli na macho mlangoni kwa jirani. Siku ya kwanza mzee aliniletea suruali ya kupunguza. Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia mie Mnyamwezi, baba yangu alikuja kutoka Tabora kufanya kazi reli. Akainua mikono juu pale barazani.

"Alhamdulillahi, mpagazi wangu kafika. Sasa hiyo suruali sikulipi. Babu zako walibeba mizigo ya babu zangu na hawakulipwa, wewe utaanzia wapi?"

"Mzaramo wewe," nikamjibu, "hii suruali huioni tena. Naenda kuifanya dekio."

Ndivyo tulivyoanza. Kwa asiyejua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutolea maneno mbele za watu na hukasiriki. Anachukua kitu chako na humfuati. Na siku umekufa, mtani ana kazi. Ndugu wakiwa wanalia, yeye anavaa nguo za marehemu, anatembea alivyokuwa anatembea, anasema alivyokuwa anasema, mpaka aliyezimia anainuka anacheka. Kuna masheikh wamekemea jambo hilo, na wazee huwa wanaitikia kwa heshima zote, kisha wanauliza mtani yuko wapi.

Mume wangu alipofariki, mzee yule ndiye aliyenitoa kwenye shimo. Nilikuwa nimekaa kwenye godoro siku mbili, sili, silali, sijui hata kama watoto wameoga. Akaingia amevaa jezi ya mume wangu iliyombana tumbo, akaanza kulalamika kwamba mwamuzi kala rushwa na mke wake kaweka chumvi ndogo kwenye mchuzi makusudi ili timu ifungwe. Ilikuwa ndiyo sauti ya mume wangu kabisa. Nilicheka, nikajichukia kwa kucheka, halafu nikalia kilio ambacho nilikuwa nimekikalia. Baada ya hapo nikaomba uji. Sijawahi kusahau, na nilijua siku yake ikifika, mie ndiye nitakayewafanyia watu wake kama alivyonifanyia.

Basi nilimpenda mzee yule. Wenye midomo walishasema ya kwao mpaka wakachoka, na ukweli hawakuupata. Nilimpenda kwa sababu hakuna siku iliyokuwa mbaya kiasi kwamba apite mbele ya cherehani yangu aniache nimenuna. Akipita tu, nainuka, natoa kifua, nakunja nyusi, namfuata nyuma namwigiza anavyofokea wapangaji kwenye filamu. Watoto wa mtaa wanagaragara. Yeye anasimama, anageuka, ananiangalia kama fundi anavyoangalia kazi ya fundi mwenzake.

"Mkono uko juu mno," ananiambia. "Mtu mbaya hainui mkono, mtani. Anajua watu wanamwogopa bila huo mkono."

Kazi yangu nyingine ilikuwa kumfanya tajiri. Yeye mwenyewe alikuwa na mashati yake machache, lakini kwenye filamu lazima awe mkurugenzi. Watu wa filamu wanaazima suti mahali, suti ya mtu mnene, wanamletea. Mie namsimamisha barazani, namkusanyia nguo yote mgongoni, nabana kwa pini kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Ukimtazama mbele, ni mtu mwenye jumba kule Msasani. Ukimtazama nyuma, pini tupu. "Usinigeuze, mwongozaji," alikuwaga anawaambia, "nyuma huku ni Temeke."

Watu walimwamini sana, na hilo lilikuwa tabu yake. Siku moja alikwenda sokoni kununua samaki, mama muuzaji akamfunikia beseni. Akamwambia hamuuzii mtu aliyemtoa mkewe nje na kichanga jana yake usiku. Mzee akajitetea kwamba ile ni kazi tu. Mama akasema, "Na machozi ya yule dada nayo kazi?" Alirudi mikono mitupu, akakaa barazani kwangu. Kisha akaniuliza kama mie naona ana roho mbaya. Nilimwambia nina kazi za watu, asinipotezee muda kwa maswali ya kijinga. Alifurahi, nilimwona.

Sasa nirudi kwenye kucheka kule kwa msibani. Mtaa wetu uligeuka kuwa makaburi ya filamu. Watu wa filamu walipenda kushutia misiba kwetu kwa sababu mbele ya nyumba yake pana nafasi, turubai linakaa, na waombolezaji wapo. Sie wenyewe ndio waombolezaji. Ukiona turubai limefungwa na viti vya plastiki vinashushwa, unajitanda khanga unakwenda kulia, jioni unakula wali na soda. Yeye analazwa kwenye jeneza, wanaume wanambeba mpaka kona ya duka la mkaa, mwongozaji anapaza sauti, "Kata!" Jeneza linawekwa chini, mzee anatoka, anajikung'uta vumbi na kuuliza nani kakalia miwani yake. Tulifanya hivyo miaka na miaka. Watoto waliozaliwa mtaani kwetu walidhani kila aliyekufa anarudi nyumbani kwa miguu.

Kwa hiyo asubuhi ile, turubai lilipofungwa na sie tuliojua tukaanza kulia, mtaa wa pili ukaona tayari, leo kuna kazi. Wakaja wanatembea wanaongea, wengine wamejipaka wanja. Kijana wa bodaboda akasimamisha pikipiki karibu yangu, ananyoosha simu juu apate picha, ananiuliza, "Mama, leo mzee anakufa na nini? Presha tena?" Nilikuwa nimeshika beseni la maji niliyooshea masufuria. Sikufikiri. Nilimmwagia yote, yeye na simu yake, nikamtolea maneno ambayo siyaandiki hapa. Alibaki anadondosha maji, ananitazama usoni, akaelewa. Akazima pikipiki, akaivua kofia yake, akaenda kukaa na wanaume bila kujifuta.

Alikuwepo pia bibi mmoja wa mtaa wa nyuma, yeye ndiye fundi wetu wa kulia. Hakuna filamu ya msiba aliyokosa. Akafika na kilio chake kile kikubwa, mikono kichwani, watu wote wanampisha. Akaja mpaka nilipo, akajiegemeza kwangu, akaninong'oneza sikioni, "Leo wametuletea pilau au ubwabwa wa nazi?" Nilimshika mikono yote miwili. Nikamwambia, "Bibi, leo kafa." Akasema anajua, ndiyo alichokuja kulilia. Nikamwambia tena, "Kafa kweli. Yumo ndani, wanatafuta sanda." Akakaa chini palepale aliposimama. Kilio kilichomtoka baadaye hakikufanana na kile cha filamu hata kidogo. Kilikuwa chembamba, cha mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Walimtoa baada ya alasiri. Sie wanawake tulibaki nyuma, tumebanana kwenye kizingiti. Jeneza likapita juu ya mabega, limefunikwa kitambaa cha kijani, likafika kona ya duka la mkaa. Nilijua yuko mle. Nilijua hakuna mwongozaji. Na bado nilisimama pale natega masikio nisikie mtu akisema kata. Watoto nao walisimama wanatazama konani, wanasubiri atoke. Walipokata kona wakapotea, mmoja akaniuliza mbona hawajamshusha. Roho iliniuma siku ile kuliko nilivyoumia kwa mume wangu, na Mungu anisamehe kwa kusema hivyo, maana kwa mume wangu nilikuwa na mtu wa kunichekesha.

Sasa kazi ilikuwa yangu, na nikaikimbia. Makaburini watani wa kiume walifanya zao, nasikia mmoja alikataa kutoka kaburini mpaka apewe soda. Mie nilikwenda uani nikajipa kazi ya kumenya vitunguu. Mtu akinikuta machozi yananitoka, nina sababu. Kila aliyepita aliniuliza, "Mtani, vipi, huanzi?" Nikawajibu nitaanza. Nilijaribu hata kukunja nyusi peke yangu mle uani. Uso wangu ulitetemeka, nikaacha.

Wa kunitia wasiwasi alikuwa mkewe. Mie nilimwita dada, ananizidi umri. Ni mwanamke mfupi, mpole, wa maneno machache. Wamekaa pamoja tangu yeye ni mwari na mzee ni kijana anayefagia ukumbi wa maigizo. Alikuwa amekalishwa eda chumbani, amevaa nyeupe, ameegemea ukuta. Halii. Hakuwa amelia tangu alfajiri ile. Ukimpa chai anaishika mpaka inapoa, kisha anakurudishia na kukushukuru. Binti zake walikuja uani mmoja mmoja kuniambia, "Shangazi, mama anatutisha." Kuna dada yangu mkubwa alikaa hivihivi baada ya kufiwa na mume, hakulia, hakula, na hakufika arobaini. Kwa hiyo nilijua tunachezea nini.

Na jambo moja kuhusu dada huyu: hakuwahi kuangalia filamu ya mumewe mpaka mwisho. Mzee akitokea kwenye runinga na kuanza kufokea watu, yeye anainuka anaingia jikoni. Niliwahi kumuuliza sababu. Akaniambia, "Huyo simjui, mtani. Na sitaki kumzoea."

Siku ya pili waheshimiwa walikuja. Wakaja na waigizaji wenzake, miwani meusi, magari yamejaa barabara mpaka nikashindwa kufungua kibanda changu. Kila aliyesimama kusema alimsema yule wa kwenye filamu. Mmoja akaigiza maneno yake maarufu, watu wakapiga makofi msibani. Jioni vijana wakatoa runinga nje, wakaiweka juu ya meza chini ya turubai, kwa sababu kituo kimoja kilikuwa kinarusha filamu zake za zamani kumuenzi. Mie nilikuwa chumbani na dada, nakunja mikeka. Ghafla ikaingia sauti yake dirishani, kali, ya ujana: "Toka nyumbani kwangu!"

Kuna mwanamke aliyeangusha kikombe. Nilitoka mbio, nikapita katikati ya wanaume bila hata kuomba radhi, nikaung'oa waya ukutani. Wengine wakaguna. Niliwaambia wakitaka kuona sinema waende kwao. Nikarudi ndani natweta, nikapiga magoti mbele ya dada nimwombe radhi kwa niaba ya mtaa mzima.

Hakuwa amekasirika. Alinitazama kwa utulivu uleule ulionitisha. Akasema, "Watu wote hawa wamekuja kumlilia yule. Wangu mie, nani anamlilia?"

Akanishika mkono, mkono wake baridi. "Na wewe mtani, mbona hufanyi kazi yako?"

Kesho yake ilikuwa siku ya kuanua tanga, watu wanatawanyika. Nikajua nisipofanya leo, sitafanya tena. Mchana, waliposhamaliza kusoma na kula, nikamwambia binti mkubwa aniletee suti. Ipo moja ilibaki kwao, pini zangu bado mgongoni, haikurudishwa kwa mwenyewe. Nikaivaa juu ya dera langu, nikabandika nyusi kwa masizi ya sufuria, nikajikaza. Nikaingia chumbani kifua mbele, naburuza sauti: nani kakaa kwenye nyumba yangu bila kulipa kodi, hawa wanawake wamekuja na mikeka yao wanadhani hapa stendi? Nikawatimua mmoja mmoja. Nikageuka nyuma wakaona pini. Weee, walicheka. Yule bibi fundi wa kulia alishika mbavu. Binti za mzee wanacheka na kulia pamoja, ndivyo inavyotakiwa. Nilikuwa nimeipatia, mkono nimeuweka chini alivyonifundisha.

Dada hakucheka. Alinitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mgeni wa watu wengine aliyepotea njia akaingia kwako. Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Nilikuwa nimemletea yuleyule aliyekataa kumzoea maisha yake yote, nimemwingiza mpaka kwenye chumba chake cha eda.

Nilitoka nikaenda chumba cha nyuma, nikaivua suti kwa hasira mpaka pini ikanichoma kidole. Nilitaka kuondoka. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikajiuliza: mume wa dada, mie namjua? Miaka yote ile nilimwigiza tajiri, mwenye nyumba, baba mkali. Mtu mwenyewe nilikuwa namjua mpaka kizingitini tu, kwa sababu mpaka hapo ndipo macho yangu yalipofika kutoka kwenye cherehani. Nyuma ya mlango kulikuwa kunaning'inia msuli wake, na fulana yake nyeupe iliyotoboka kwapani. Binti zake walikuwa hawajathubutu kuzifua.

Nikakaa nazitazama, na mwishowe nikakumbuka kitu kimoja nilichokuwa nacho. Mzee alipokuwa akirudi kutoka kazini, barabarani alikuwa wa watu. Anatembea wima, anawajibu wanaomwita, anawakunjia nyusi watoto. Akishafika mlangoni kwake, mabega yanashuka. Anaweka kiganja kwenye fremu ya mlango na kusimama. Hapigi hodi, haingii. Anasimama tu, kichwa chini, mpaka asikie kitu kutoka ndani, ndipo anaingia. Nilichukulia kwamba anapumzisha miguu. Alichokuwa akiambiwa sikuwahi kukisikia, barabara iko katikati.

Nikavua dera, nikavaa fulana. Nikafunga msuli juu ya gauni la ndani, nikafuta masizi usoni. Nilikwenda mpaka mlango wa chumba cha dada, nikaweka kiganja kwenye fremu, nikaacha mabega yashuke. Sikuigiza chochote zaidi, kwa sababu zaidi ya hapo sikuwa najua.

Wanawake wakageuka, tayari kwa kicheko. Mmoja akaanza, akaona hakuna anayemfuata, akameza. Nilitazama sakafu. Nilisikia feni inazunguka. Nilikuwa na hofu ya kweli, hofu ya mtu aliyeingia asikoalikwa, nikawaza niombe radhi nitoke.

Dada akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya nyumbani, "Ingia, baba. Waache hukohuko nje wote, ingia wewe."

Kumbe ndiyo aliyokuwa akiambiwa. Jioni zote zile mzee alirudi na watu wake wabaya nyuma, akasimama nao mlangoni, hawezi kuingia nao kwa mkewe, akisubiri aruhusiwe kuwaacha.

Kisha dada akasikia alichosema. Niliona anavyosikia. Alitazama fulana, akatazama uso wangu, akaweka mkono mdomoni. Nikaingia, nikakaa kwenye godoro karibu naye, na aliponiangukia kifuani alilia kwa sauti ambayo wanaume waliisikia mpaka chini ya turubai wakanyamaza. Alimwita kwa jina ambalo mie sikuwahi kujua analo. Alimwuliza atakaa na nani sasa. Alimgombeza kwa kutangulia. Wanawake wote walilia, na hakuna hata mmoja aliyecheka, na kama hiyo si kazi ya mtani basi sijui ni ya nani. Mie nililia nywele zake zikalowa. Sikuwa najua tena namlilia mzee nikiwa mie au nikiwa yeye.

Baada ya muda binti akaleta uji. Dada aliunywa, nusu bakuli, akijipumzisha kila baada ya kijiko. Halafu akanishika pindo la ile fulana, akalivuta puani, akalishikilia hapo.

"Ahsante, mtani," akasema. "Sasa nenda nyumbani. Lakini nguo zake niachie."

Nikamwambia ndiyo, dada. Mtu akaniazima khanga. Nilizivua nguo zile taratibu, nikazikunja kama ninavyomkunjia mteja, fulana juu, msuli chini, nikamwekea mapajani. Akazikumbatia. Wanawake wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakamwachia chumba, na mie nikatoka wa mwisho nikavuta mlango. Wakati navuka barabara kurudi kwangu nilimsikia, kupitia dirisha, kwa sauti ileile ya nyumbani, bado anaongea naye.